Maji Niliyoyaapia

Kazi yangu ni kupima maji. Asubuhi napanda pikapu na dereva, nyuma tumepakia kisanduku chenye barafu na chupa ndogo za sampuli, tunazunguka Nyeri mjini na vijiji vilivyo kwenye laini zetu. Mfereji wa shule, wa zahanati, wa hoteli, wa nyumba ya mtu. Nikifika naupangusa mdomo wake, nauchoma kwa pamba ya spiriti inayowaka ili kuua vijidudu, kisha nayaacha maji yatiririke dakika mbili kabla sijakinga chupa. Watoto wa shule moja ya Ruring'u huniita mama wa kuchoma mifereji. Niliipenda kazi hii tangu siku ya kwanza, na bado naipenda, ingawa siku hizi naipenda kwa adabu.

Nina hasira za karibu, na miaka hiyo hakuna kilichoniudhi kama mtu wa Nyeri kununua maji ya chupa. Maji yetu yanashuka kutoka milimani, tunayachuja, tunayatia dawa, tunayapima, halafu mtu mzima na akili zake anaingia dukani kununua ya kwenye plastiki. Wenzetu waliohamia Nairobi wakija Krismasi huondoka na mitungi ya maji yetu kwenye buti la gari, lakini waliobaki hapa wanataka chupa. Kuna Mhindi mmoja ana duka la vifaa vya nyumbani mjini, familia yake iko pale tangu zamani za babu yake, na dirishani ameweka vichujio vya maji vya kila aina. Nilikuwa naingia makusudi kumuuliza anamuuzia nani takataka ile. Alikuwa ananijibu bila kuinua macho, "Wewe pima, madam, mimi nauza. Kila mtu na kazi yake."

Nanyuki nako, kwenye harusi ya binamu yangu, niligombana na mhudumu wa hoteli kwa kukataa kuniletea maji ya mfereji. Alidhani natania. Nikaingia jikoni mwenyewe na glasi yangu, nikayakinga, nikayanywa mbele ya wapishi huku nimejishika kiuno. Binamu yangu alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Nasimulia haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Mama yangu anaishi upande wa Chaka, ndani kidogo kutoka barabara ya Nanyuki, kwenye shamba la viazi na kabichi na ng'ombe wawili wa maziwa. Baba alishafariki. Mimi nimebeba jina la mama mzazi wa mama, kwa hiyo kwa desturi yetu ananiita maitu, yaani mama yangu, na tangu utotoni nimezoea kusikilizwa na mama kwa namna ambayo dada zangu hawasikilizwi. Nikikohoa anauliza kama nimechukia. Desturi hiyo ni nzuri, lakini humvimbisha mtoto kichwa.

Mama alichemsha maji maisha yake yote. Alikua akichota mtoni, na mama yake alimfundisha kwamba maji yasiyopita motoni si ya kunywa. Kila jioni sufuria kubwa nyeusi ilipanda mafigani, ikachemka mpaka ikatoa povu, ikafunikwa hadi asubuhi. Maji hayo yalikuwa na ladha ya moshi. Macho ya mama yalikuwa mekundu mwaka mzima, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mbovu.

Laini yetu ilipofika kwao, na mfereji ukawekwa karibu na mlango wa jikoni, nilidhani sufuria ile itastaafu. Wapi. Mama alikinga maji safi ya mfereji, yenye dawa, niliyoyapima mimi mwenyewe, akayapandisha mafigani. Nilimwambia kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili nikamwambia anachoma kuni bure. Mara ya tatu, na hili ninaliona aibu hadi leo, nilimuuliza kama hata yeye anadhani nalipwa mshahara kwa kucheza.

Akasema, "Haya, maitu. Umesema wewe."

Nikaichukua ile sufuria nikaipeleka zizini, ikawa ya kunyweshea ndama. Kifua cha mama kilipata nafuu kweli baada ya hapo. Nilijipiga kifua changu mimi. Kila nilipomwona anameza vidonge vyake vya presha kwa kikombe cha maji ya mfereji, nilijiona nimemponya.

Hapo nyumbani kulikuwa na laini nyingine, na nilijua iko, nisije nikasema sikujua. Vijiji vingi vya huko vina maji ya mradi. Wenyeji wenyewe walichanga wakatandaza paipu kutoka mtoni juu karibu na msitu, na maji yanateremka yenyewe hadi mashambani kunyunyizia viazi. Ni maji ya mto kama yalivyo. Hayajachujwa, hayana dawa, na huko juu ng'ombe wanashinda mtoni na watu wanafua nguo. Kwa shamba ni baraka kubwa. Mama alikuwa mwanachama, na paipu yake ya mradi ilipita nyuma ya zizi. Yetu ilipita mbele ya nyumba. Kichwani mwangu laini hizo mbili zilikuwa mbali kama Chaka na Mombasa.

Kiangazi cha mwaka juzi kilikuwa kibaya, na kampuni ikaanza mgao. Laini ya kwao ilipata maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine mfereji ulikoroma tu. Nilimpigia mama simu kumwuliza anapataje maji, akasema wanapata, nisiwe na wasiwasi. Nikafikiri ana akiba kwenye mapipa. Nilipokwenda Jumamosi moja alinikaribisha kwa furaha, na tulipokuwa tukichambua mboga akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno.

"Maji ya mfereji siku hizi yamekuwa matamu. Hayanuki dawa tena."

Mtu yeyote anayefanya kazi yangu angeiacha mboga mkononi na kukimbilia mfereji. Maji ya kampuni yasiyonuka dawa kabisa, mwishoni mwa laini, wakati wa mgao, ni habari mbaya. Mtoto anayejifunza kazi wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi nilicheka. Nikamwambia tumebadilisha kipimo cha dawa kidogo, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi, na nikamweleza kwa kirefu jinsi tunavyofanya. Nilisikia nimesifiwa, na mtu aliyesifiwa haulizi maswali.

Siku hiyo hiyo mchana kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja kwa mama. Hufanya hivyo kwa zamu, wanasali, wanaimba, wanakula. Walikuwa kama kumi na watano. Baada ya wali na njahi, yale maharage yetu meusi, mama alileta juisi ya kuongeza maji, ile ya rangi ya chungwa, na jagi la maji ya mfereji kwa wasiotaka sukari. Miongoni mwao alikuwa jirani yake wa chini, nyumba ya mwisho kwenye laini yetu. Ni rafiki yake tangu walipoolewa, ndiye aliyemshika mkono mama siku niliyozaliwa, na sisi watoto humwita tata, yaani shangazi. Ana sukari, kwa hiyo alimiminiwa maji matupu.

Tata aliinua glasi akaitazama mwangani, kisha akaiweka mezani. Maji yalikuwa na weupe kidogo, kama yamechanganywa na tone la maziwa. Nilimwona. Na kwa kuwa wote waliniona nimemwona, nilisimama.

Niliwaambia ule weupe ni hewa. Maji yakikatwa na kurudishwa, hewa hunaswa kwenye paipu na kuyafanya meupe, si uchafu. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, yamo hata kwenye karatasi tunazowagawia wateja. Kilichobaki kwenye karatasi, ambacho sikukisema, ni kwamba ukiiacha glasi dakika moja, weupe wa hewa huanza kuondoka kutoka chini kwenda juu, na maji yanabaki maangavu. Weupe wa tope hauondoki. Sikungoja hiyo dakika. Nilichukua glasi yangu nikainywa yote mbele yao, nikasema hakuna tone linalotoka kwenye ule mfereji ambalo sijalipima, na kwamba wanaoendelea kuchemsha maji wanajisumbua na kumaliza miti. Wakapiga makofi. Tata akanywa.

Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye alilazwa. Ilianza kama homa ya kawaida, mkwewe, mke wa mwanawe, akamnunulia dawa za malaria Chaka, ikapanda, tumbo likavimba. Walipomfikisha hospitali Nyeri madaktari walisema ni taifodi iliyokaa, na kwamba utumbo umetoboka. Wakampasua usiku huo huo. Mama aliniambia haya kwa simu kwa sauti ya chini sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameharisha siku tatu, lakini hakutaka kunisumbua. Nilipomwuliza ni nani mwingine, akataja wawili wa kikundi, na kijana wa boma la jirani.

Watu wa afya waliandika barua kwa kampuni. Bosi wangu aliniita akaniambia niende nikapime laini nzima ya kule, juu hadi chini. Alijua ni kwetu. Aliniuliza kama angetuma mtu mwingine, nikamjibu kwa ukali kwamba laini ile naijua mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka kwenda kuwaonyesha kuwa si maji yetu. Nilishaamua ni matunda, ni nyama, ni jambo lolote lingine.

Dereva wangu ni Mwislamu wa Nanyuki, babake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo tuliendesha kimya, yeye na saumu yake na mimi na hasira zangu. Tulianzia tangi la juu. Kuna kidonge tunachotia kwenye kichupa cha maji. Dawa ikiwamo, maji yanageuka rangi ya waridi, na kadiri dawa ilivyo nyingi ndivyo waridi inavyokolea. Kwenye tangi, waridi. Shuleni, waridi. Boma la kwanza, la pili, la tatu, yaliyo juu ya koki ya mgao na yanayopata maji kila siku, waridi iliyofifia lakini ipo. Nilianza kupumua.

Boma la nne ni la mama. Alitoka kutupokea akifuta mikono kwenye leso, akamlazimisha dereva anywe chai. Dereva akamweleza kwamba amefunga. Mama akasikitika kwa dhati, kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea mgeni, akamfungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti ayale magharibi. Mimi nikainama kwenye mfereji wa jikoni. Nikakinga kichupa, nikatia kidonge, nikatikisa.

Maji yalibaki vilevile. Nikarudia kwa kichupa kingine, nikidhani kidonge kimeharibika. Yakabaki vilevile. Nikamuuliza mama leo ni siku ya mgao wetu au la. Akasema si siku yenu, hii ni ya mradi.

Alinipeleka nyuma ya zizi kunionyesha, na alikuwa anajivuna. Fundi aliyemwita mgao ulipoanza alikuwa ameziunganisha laini mbili kwa kipande cha paipu kisichozidi hatua tatu, na katikati ameweka koki. Siku ambazo maji yetu yamekatika, mama anafungua koki, na maji ya mradi yanaingia kwenye laini yetu, yanajaza mfereji wa nyumba. Na si wa nyumba yake tu. Laini ikiwa tupu, maji yanateremka hadi maboma ya chini. Hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Majirani wa chini hawana maji ya mradi, akaniambia, na tata ni mgonjwa wa sukari, hawezi kubeba mtungi kutoka mtoni. Kila asubuhi akishakamua alikuwa anafungua koki, anapaza sauti juu ya ua kuwaambia wakinge, na adhuhuri anafunga.

Nilisimama pale na kichupa mkononi. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na mtu wa kumpigia. Nilimwambia mama kwamba maji haya ni ya mtoni, ni machafu, na kwamba ndiyo yaliyomlaza tata hospitali.

Mama alinitazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. "Si ni maji ya mlima? Na wewe si uliyanywa?"

Nilirudi kwenye mfereji kuchukua sampuli ya maabara, ile inayooteshwa vijidudu hadi kesho yake. Na hapa lazima niseme nililolifanya. Nilimwambia mama afunge koki. Nikauchoma mfereji kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikayaacha maji yaliyobaki yatiririke, dakika mbili, tano, nane. Nilijua ninachofanya. Ningengoja siku ya mgao wetu, maji yetu yaingie yasafishe paipu, nichukue sampuli yangu hapo, na karatasi ingeonyesha hakuna kitu. Fundi angeitoa ile paipu, nami ningemfundisha mama la kusema. Hakuna ambaye angejua. Tata angepona au asingepona, lakini jina la mama lisingekuwa kwenye karatasi yoyote.

Mama alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa ameelewa sasa, nilijua kwa jinsi alivyokaza leso mabegani. Akaniuliza taratibu, "Maitu, utaniandika?"

Dereva alikuwa ameegemea pikapu, na alikuwa ameona kila kitu na kuelewa, maana si mara ya kwanza kunipeleka. Akaniambia, "Madam, mimi sijaona kitu. Ukitaka kuchukua hiyo, chukua. Ukitaka ingine kesho, mimi niko kwa gari." Halafu akaingia ndani ya gari akafunga kioo.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Nadhani ilikuwa ni kutazama chini ya mteremko na kuona paa la tata, na mkwewe akining'iniza mashuka kwenye kamba, mashuka mengi, ya mgonjwa. Kwenye ule mfereji wao paipu bado ilikuwa na maji yale, na mtoto wa pale angerudi kutoka shule akiwa na kiu. Nilimwambia mama afungue koki tena. Nikakinga chupa, nikaandika lebo: mahali, saa, jina la mwenye boma. Jina la mama yangu nililiandika kwa herufi kubwa kama ninavyoandika ya wengine. Kisha nikafunga koki mimi mwenyewe na kushuka boma kwa boma kuwaambia wasinywe. Mama hakuniaga. Nilisikia mlango wa jikoni ukifungwa.

Kesho yake sahani za maabara zilijaa madoa, sikuhitaji kuyahesabu. Kampuni ilimkatia mama maji, ikang'oa kile kipande, ikaisafisha laini yote kwa dawa kali. Kwa wiki kadhaa mama hakunipigia simu, na nilipopiga mimi alinijibu kwa heshima ya mgeni. Hakuwa na hasira ya kukatiwa maji. Alichoogopa ni tata. Rafiki yake wa ujana, na ni yeye aliyemnywesha. Hakwenda kanisani. Dada yangu aliniambia anakamua ng'ombe huku analia.

Tata aliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi uliofuata, amekonda, tumbo limeshonwa. Hapo mama akanipigia. Alisema anataka kwenda kumwona, na kwamba hawezi kwenda peke yake. Tulibeba unga wa uji na maziwa na ndizi, tukateremka ule mteremko. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Nyeri: kwamba hakujua, kwamba alifanya kwa wema, kwamba kosa ni la fundi.

Tata alikuwa ameketi juani kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi. Mama hakungoja hata kukaribishwa. Alipiga magoti kwenye nyasi, mwanamke wa umri ule, akamwambia ni maji yake, ni yeye aliyefungua, amsamehe.

Tata akamshika kichwa. Akamwambia anajua yalikuwa maji yake. Kila asubuhi alikuwa akimsikia akiita juu ya ua, na kila asubuhi alimwombea, maana bila yeye angekunywa nini. Walilia pamoja kwa muda, na mkwewe akaleta viti, nami nikaketi pembeni nikishukuru moyoni kwamba yamekwisha rahisi hivyo.

Ndipo tata akanigeukia mimi. Hakuwa na uso wa hasira.

"Siku ile nyumbani kwenu nilijua ni maji ya mradi," akasema. "Sote tulijua. Mama yako alikuwa ametufungulia asubuhi. Mimi nilikuwa nachemsha, nachemsha miaka yote. Wewe ukasimama ukasema umeyapima. Tukasema, kumbe siku hizi wanapima hata ya mradi. Nikarudi hapa nikamwambia mke wa kijana wangu aache kuchemsha."

Katika nyumba ile yenye wanawake kumi na watano, mtu pekee ambaye hakujua anakunywa nini alikuwa mpima maji. Na wao waliokuwa wanajua, na waliokuwa wakijilinda kwa akili zao wenyewe, waliacha kwa sababu nilikuwa nimesimama na glasi mkononi.

Tata akaniuliza kama niliugua. Nikasema hapana. Hata tumbo? Hata tumbo, tata. Akatikisa kichwa kidogo, akasema Mungu ni mwema. Mama alitaka kusema kitu, nadhani kunitetea, tata akamzuia kwa kiganja.

"Wengine bado hawachemshi," akaniambia. "Wanasema wewe uliapa. Mimi nimewaambia na hawasikii, wanasema mgonjwa huogopa kila kitu. Nenda uwaambie wewe."

Jumapili hiyo nilikwenda kanisani kwao. Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo, nikasimama mbele, mama ameketi safu ya tatu kwa mara ya kwanza tangu yale yatokee, hainui macho. Nimezungumza mbele ya wakuu wa kampuni na mbele ya wakaguzi, sijawahi kukosa sauti. Niliwaambia kwamba siku ile nilisema kitu ambacho sikuwa nimekipima. Niliwaambia tata aliumwa kwa kunisikiliza mimi. Niliwaambia wachemshe maji, yote, ya mradi na yetu pia kipindi cha mgao, mpaka yatoe povu.

Mwanamke mmoja aliyeketi nyuma akasema hajasikia, nirudie. Nikarudia.